Brashi Kubwa ya Kunyolea: Uzi Kwanza, Ukubwa Baadaye

Katika kambi za jeshi na katika nyumba za askari polisi, uso wa mtu hukaguliwa kabla ya vifungo vyake. Mkuu wa gwaride apitapo mbele ya mstari, macho yake huanzia kwenye kofia, yakashukia kidevuni, na hapo hukaa kitambo. Kwa sababu hiyo askari hujifunza mapema kunyoa, tena kunyoa upesi, kwa maji machache, katika mwanga hafifu wa alfajiri. Wembe huuchagua kwa jina lake, na sabuni kwa harufu yake. Brashi ya kunyolea ndiyo isiyoulizwa maswali. Huchukuliwa ile iliyo karibu dukani, au, ikiwa fedha zipo, ile iliyo kubwa kupita zote, kwa kudhani kwamba chombo kikubwa hakiwezi kuwa kibaya. Ilhali wembe hutupwa baada ya siku chache, na sabuni huisha, brashi hubaki na mwenyewe miaka mingi, ikiigusa ngozi yake kila kukicha.

Wako watu wasemao kwamba brashi ni anasa ya Wazungu, na kwamba kiganja cha mkono kinatosha. Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Kiganja hupaka sabuni juu ya ndevu. Brashi huipenyeza hadi kwenye mashina yake. Ncha za brashi zizungukapo shavuni huinua ndevu zilizolala, huondoa mafuta na ngozi iliyokufa, na huchanganya sabuni, maji na hewa hata likapatikana povu zito ambalo halikauki kabla wembe haujafika. Unywele mkavu wa ndevu hushindana na wembe. Ukikaa na maji ya vuguvugu kwa dakika mbili tatu, hunywa maji, hulainika, na hukatika bila kuvutwa. Kazi ya brashi ni kuyashikilia maji hayo usoni kwa muda unaohitajika, wala si kuupamba uso kwa povu.

Hapo zamani brashi zote zilitokana na wanyama. Zilizosifiwa kupita nyingine zilifanywa kwa nywele za melesi, mnyama wa Ulaya na Asia aliye wa ukoo mmoja na nyegere wa Afrika. Za bei nafuu zilifanywa kwa singa za nguruwe, na nyingine kwa singa za farasi, ambazo mara nyingi zilitiwa rangi ili zifanane na nywele za melesi. Udanganyifu huo mdogo wa kibiashara ulikuja kuua watu, na wengi wa waliougua walikuwa wanajeshi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, biashara ya nywele ilivurugika. Kabla ya hapo shehena nyingi kutoka Urusi na Mashariki ya Mbali zilipitia mikononi mwa mafundi wa Ulaya, waliozichambua na kuzitia dawa. Njia hizo zikafungwa, na papo hapo mahitaji yakapanda. Vijana walikuwa wakiandikishwa jeshini kwa mamilioni, na tangu gesi ya sumu ilipotumiwa katika medani za Ubelgiji mwaka 1915, uso ulionyolewa haukuwa tena suala la nidhamu peke yake, kwa maana kinyago cha kuzuia gesi hakishiki vizuri juu ya ndevu. Viwanda vikanunua singa za farasi kutoka Uchina, Siberia na Japani, vikazifunga katika mipini pasipo kuzisafisha inavyotakiwa. Ndani ya baadhi ya singa hizo mlikuwamo vijidudu vya kimeta.

Wafugaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa kimeta ni nini. Ng'ombe aliyelala salama jioni huonekana asubuhi amekufa, na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani. Mwaka 2004 viboko wengi walikufa kwa ugonjwa huo huo katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, magharibi mwa Uganda. Kijidudu cha kimeta kina hila moja kubwa: hali ikiwa mbaya hujifunga ndani ya ganda gumu, kikakaa udongoni, au katika ngozi na nywele za mzoga, kwa miongo ya miaka. Katika kisiwa cha Gruinard, huko Uskoti, Waingereza walifanya majaribio ya kimeta mwaka 1942, na kisiwa hicho hakikutangazwa kuwa salama hadi mwaka 1990, tena baada ya udongo wake kunyweshwa dawa. Kwa kijidudu cha namna hiyo, safari ya miezi michache ndani ya robota la singa si kitu.

Askari alijikata kidogo kidevuni, kama kila mtu ajikatavyo, na brashi ikautia ugonjwa ndani ya jeraha. Baada ya siku chache kilitokea kipele, kikawa lengelenge, kisha kidonda chenye gamba jeusi, na shingo ikavimba. Kati ya miaka ya 1915 na 1924 watu zaidi ya 200, wanajeshi na raia, waliugua kwa njia hiyo katika Uingereza na Marekani, na baadhi yao walikufa. Penisilini haikuwapo siku hizo. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani zisiingie nchini. Hivyo kijana aliyejiandaa kwa mizinga na risasi aliweza kulazwa hospitali, au kuzikwa, kwa ajili ya kitu cha mfukoni ambacho hakuna aliyewahi kukishuku.

Siku hizi singa za viwandani husafishwa kabla ya kutumiwa, na mtu aliyenunua brashi mpya ya singa katika duka la kuaminika hana sababu ya kuingiwa na hofu. Lakini brashi ya kale iliyookotwa katika sanduku la babu, isiyojulikana ilitengenezwa wapi wala lini, ni pambo la rafuni. Isipelekwe usoni.

Brashi ya nyuzi za viwandani ilizaliwa kutokana na kazi ya mkemia wa Marekani, Wallace Carothers, ambaye katika maabara ya kampuni ya DuPont alipata nailoni kwa mara ya kwanza tarehe 28 Februari, 1935. Wengi hudhani kwamba nailoni ilianzia kwenye soksi ndefu za wanawake. La hasha. Bidhaa ya kwanza ya nailoni kuuzwa madukani, mwaka 1938, ilikuwa mswaki wa meno, na kabla yake miswaki ya viwandani ilikuwa ya singa za nguruwe. Kutoka mswaki hadi brashi ya kunyolea ni hatua moja, na hatua hiyo ilipigwa. Kwa bahati mbaya ilipigwa kwa haraka mno.

Brashi za nailoni za miaka ya mwanzo zilichukiwa, na chuki hiyo ilikuwa ya haki. Nyuzi zake zilikuwa nene, zote za unene mmoja toka shina hadi ncha, na ncha zenyewe zilikatwa butu kama mabua baada ya mavuno. Zilichoma ngozi. Maji hazikuyashika, bali ziliyaachia yakatiririka hadi kwenye kiwiko cha mkono. Aidha nailoni yenyewe hunywa maji kiasi, hata kufikia karibu asilimia 8 ya uzito wake, na ikiisha kunywa, tena maji yakiwa ya moto, hulegea. Ndiyo maana mtu alianza kunyoa kwa brashi ngumu kama ufagio, akamaliza kwa brashi iliyolala kama majani yaliyopigwa na mvua. Wazee waliozitumia brashi hizo hawakusahau, wakawarithisha wana wao neno moja, kwamba brashi ya plastiki haifai. Neno hilo lilikuwa kweli kwa wakati wake. Leo halina kweli tena, lakini bado linasemwa.

Mabadiliko yaliyotokea tangu hapo ni ya namna mbili. Kwanza ni unene wa uzi. Fundi yeyote aliyewahi kupinda waya anajua kwamba waya mwembamba hupindika kwa urahisi. Asichojua pengine ni kiasi cha urahisi huo. Ukakamavu wa uzi wa mviringo hufuata unene wake uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, yaani uzi uliopunguzwa unene kwa nusu hupungukiwa ukakamavu si kwa nusu, bali hubaki na sehemu moja tu katika 16. Kwa hiyo viwanda vilipoweza kuvuta nyuzi nyembamba, zenye takriban sehemu moja ya kumi ya milimita au pungufu, ulaini ukaja wenyewe. Nyuzi nyembamba pia hufungwa nyingi zaidi mahali pale pale, na nafasi ndogo ndogo kati yake huyanasa maji kama utambi unavyonasa mafuta ya taa. Hapa ndipo penye tofauti kubwa na singa. Unywele wa mnyama hunywa maji ndani ya mwili wake. Uzi wa kiwandani hushika maji nje yake tu, baina ya uzi na mwenzake.

Pili ni ncha. Nyuzi nyingi za siku hizi hufanywa kwa aina ya poliesta iitwayo PBT, ambayo hunywa maji chini ya asilimia 1, na kwa hiyo haibadiliki tabia kati ya mwanzo na mwisho wa kunyoa. Poliesta hiyo ina sifa nyingine yenye manufaa: ncha zake zikichovywa katika kostiki soda kali na ya moto, dawa ile ile ya wapika sabuni, huliwa polepole zikachongoka. Uzi unakuwa mnene kwenye shina, ukipungua hadi ncha iliyo nyembamba kama unywele wa mtoto. Shina hulipa brashi nguvu, na ncha huipa huruma. Hicho ndicho mnunuzi anacholipia, wala si zile rangi za kahawia, nyeusi na nyeupe ambazo viwanda hupaka juu ya nyuzi ili zifanane na nywele za melesi. Rangi hizo hazina kazi yoyote.

Katika nyumba nyingi za askari liko jambo jingine ambalo vitabu vya wenye viwanda hulipita kimya, nalo ni dini. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo humhesabu nguruwe kuwa najisi, singa zake pamoja. Mtu mwenye kutawadha mara tano kwa siku hawezi kuianza siku yake kwa kuupaka uso singa za mnyama huyo. Na brashi nyingi za bei nafuu hazisemi zimefanywa kwa nini.

Sajini mmoja, aliyerejea Uganda baada ya zamu yake ya kulinda amani nchini Somalia, aliingia dukani pamoja na mkewe kutafuta brashi. Huko alikotoka maji yalikuwa ya kupimwa, na brashi yake ya zamani, iliyokuwa ikifungwa mkobani kabla haijakauka, ilianza kutoa harufu ya ukungu, hata akaitupa. Mwenye duka akamletea brashi nene yenye singa za rangi ya asali.

"Mzee, hizi ni singa za mnyama gani?" sajini aliuliza.

"Farasi, Afande. Farasi safi kabisa."

"Una hakika si nguruwe?"

Mwenye duka akaigeuzageuza ile brashi mikononi. "Afande, kusema kweli, mimi nauza tu. Kiwandani sijafika."

Mke wa sajini ni mshonaji, na washonaji wana njia yao ya kuulizia nguo imefanywa kwa uzi gani. Aliomba ruhusa, akang'oa singa moja, akaisogeza kwenye kiberiti. Ikakunjamana, ikanuka nywele zilizoungua, ikaacha jivu lililosagika kwa kidole. "Baba, huyu ni mnyama," alisema. "Mnyama gani, moto hausemi." Alipofanya vivyo hivyo kwa uzi wa brashi ya pili, uzi ule uliyeyuka, ukaacha kijitone kigumu kama kichwa cha pini. Hiyo ndiyo nailoni au poliesta, na kwa jamaa ile shaka ikaishia hapo. Jaribio hilo ni la kuaminika kwa kutenganisha singa na uzi wa kiwandani. Lifanywe kwa uzi mmoja tu, mbali na brashi yenyewe, na kwa idhini ya mwenye mali.

Ikabaki hesabu ya ukubwa. Sajini, kwa kuwa sasa alikuwa na amani moyoni, akaitaka brashi kubwa kupita zote zilizokuwapo. Mkewe akacheka, akauliza kama baba anakusudia kunyoa ndevu au kupaka ukuta chokaa. Swali lake lilikuwa na maana kuliko mzaha wake.

Ukubwa wa brashi hupimwa mahali nyuzi zinapotokea mpinini, penye kifundo chake. Brashi ya kawaida ina kifundo cha milimita 20 hadi 24. Kuanzia 26 inahesabiwa kuwa kubwa, na zipo za 30 na zaidi. Tofauti ya milimita chache huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini eneo la duara hukua kwa haraka kuliko upana wake. Kifundo cha milimita 30 kina nyuzi karibu mara mbili na robo kuliko cha milimita 20, ikiwa nyuzi ni zile zile na zimefungwa kwa msongamano ule ule. Nyuzi hizo zote zinadai maji, na zote zinadai sabuni. Mwenye kununua brashi kubwa ajue kwamba tyubu ya sabuni iliyokuwa ikitosha miezi mitatu huenda isifike, na jambo hilo lamhusu anayeshika mkoba wa nyumba.

Hata hivyo brashi kubwa ina faida zake za kweli. Hupaka uso mzima kwa mizunguko michache, jambo lisilo dogo kwa mtu ambaye king'ora cha alfajiri kimekwisha kulia. Hushika povu la kutosha kunyoa mara mbili, au hata tatu, bila kurudi kwenye sabuni. Tena hutunza joto la maji kwa muda mrefu zaidi, na katika nyanda za juu zenye baridi, kama Kabale au Kisoro, askari huishukuru. Dosari yake hujitokeza chini ya pua na pembeni mwa masikio, ambako brashi pana huvuka mipaka, ikajaza povu puani na kwenye kola ya shati. Mwenye uso mdogo, au mwenye kuacha masharubu, atatumikiwa vyema zaidi na kifundo cha milimita 24.

Upana peke yake haumwambii mnunuzi lolote mpaka aujue urefu wa nyuzi. Hapa tena hesabu ni kali. Ukakamavu wa uzi hupungua kwa kadiri ya urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Uzi wa milimita 50 ukirefushwa hadi 60, hubaki na asilimia 58 tu ya ukakamavu wake wa kwanza. Brashi kubwa yenye nyuzi ndefu mno hulegea katikati, ikaanguka upande kila inapokandamizwa. Yenye nyuzi fupi mno huwa gogo. Katika kifundo cha milimita 26 hadi 28, urefu wa milimita 54 hadi 60 huwaridhisha wengi. Rula ya mtoto wa shule inatosha kwa kipimo hicho, na muuzaji anayekataa brashi yake isipimwe ameshajibu swali.

Baada ya rula yafaa kutumia mkono. Nyuzi zikandamizwe juu ya shavu, si juu ya kiganja, maana kiganja cha askari kimekwisha kuwa sugu. Zikichoma zikiwa kavu, zitachoma pia zikiwa na maji, kwa sababu poliesta hailainiki kama singa. Zikitandazwa kwa vidole, katikati pasionekane shimo. Viwanda vyenye ubahili huzipanga nyuzi pembezoni na kuacha kiini kitupu, brashi ikaonekana nene kumbe ni pango. Zivutwe kidogo: zikitoka mbili tatu, gundi ni hafifu. Mpini nao uwe mzito chini, ili brashi kubwa isimame bila kuanguka, na uwe na kiuno ambacho vidole vyenye sabuni vinaweza kukishika. Mipini inayong'aa kama kioo hupendeza kabatini, lakini huteleza.

Kwa watu wa Afrika ulaini wa ncha una uzito kuliko kwa wengine. Ndevu zilizojikunja, zikikatwa karibu mno na ngozi, hurudi ndani kama ndoano. Ngozi huuona unywele huo kuwa adui, ikavimba, na shingo na kidevu vikajaa vipele vyenye maumivu, ambavyo huacha madoa meusi na wakati mwingine makovu. Si uchafu, wala si ugonjwa wa kuambukiza, na si ukaidi wa askari asiyetaka kunyoa. Katika majeshi ya Marekani, ambako weusi ndio waliosumbuka nao zaidi, jambo hilo lilileta ubishi wa miaka mingi: mwaka 2020 Jeshi la Anga la huko lilirefusha hadi miaka 5 kibali cha tabibu cha kutonyoa, na mwaka 2025 serikali yao ikakaza tena masharti ya vibali. Mtu kupoteza cheo kwa ajili ya umbo la unywele wake ni jambo la kusikitisha, na katika kambi nyingine za Afrika huenda linatokea kimya kimya.

Brashi haiwezi kuuponya ugonjwa huo. Yaweza kuusaidia au kuuzidisha. Nyuzi laini, zikizungushwa polepole kwa povu lenye maji ya kutosha, huinua ncha za ndevu zinazotaka kuzama, kabla hazijatoboa ngozi. Nyuzi ngumu zikisuguliwa juu ya vipele vilivyokwisha kuvimba huvipasua, na vidonda huenea. Shingo ikiwa imewaka, povu lipakwe kwa mwendo wa kupiga kidogo kidogo kama mtu apakaye rangi, bila kuzungusha. Wembe ufuate upande ndevu zinakoota, ngozi isivutwe, wala mtu asitafute ulaini wa shavu la mtoto. Kubaki na kivuli chembamba cha ndevu ni afadhali kuliko damu kolani. Vipele vikizidi, dawa ni kwenda zahanati ya kambi na kuomba ruhusa ya kupumzisha uso, jambo ambalo askari wengi huliona aibu bila sababu.

Namna ya kuitumia brashi ya uzi wa kiwandani hutofautiana kidogo na ile ya singa, na wengi huiharibu siku ya kwanza kwa mazoea ya zamani. Singa hulowekwa majini dakika kadhaa ili zinywe. Uzi wa kiwandani haunywi, basi kuuloweka ni kupoteza muda. Uchovywe, utikiswe mara moja, uende kwenye sabuni ukiwa na unyevu tu. Maji huongezwa baadaye, tone kwa tone, mpaka povu ling'ae. Mwenye kuanza na maji mengi atapata mapovu makubwa ya kufulia, yaliyojaa hewa, yanayopasuka kabla ya wembe kufika. Aidha nyuzi hizo zina mruko wa springi, na brashi kubwa ikigeuzwa kwa nguvu hurusha povu kwenye kioo na kwenye ukuta wa nyumba ya serikali. Taratibu inatosha. Sabuni iwe ya kunyolea kweli. Sabuni ya kipande ya kufulia ni kali, hukausha ngozi, na povu lake halidumu.

Kwa anayelala hemani au anayehamishwa mara kwa mara, sifa kubwa ya brashi hii huonekana baada ya kunyoa. Maji yakikung'utwa na nyuzi kupanguswa kwa taulo, hukauka upesi, kwa maana hakuna maji yaliyojificha ndani ya uzi. Hainuki haraka kama singa zilizofungwa zikiwa na unyevu. Nondo wa nguo na wadudu wenzake, wanaokula sufi na nywele, hawana cha kula humo. Lakini isichemshwe. Kuna watu ambao, kwa kutaka usafi, huitia brashi katika maji yanayotokota; poliesta yenyewe haitayeyuka, kwani huhitaji zaidi ya nyuzijoto 200, ila nyuzi hujipinda, na gundi inayozishika mpinini huchoka. Maji ya vuguvugu na sabuni kidogo yatosha, na mara moja kwa mwezi yafaa kuisuuza kwa maji yenye siki, ili kuondoa chokaa ya sabuni iliyoganda kwenye mashina.

Hata ikiwa safi namna gani, brashi ni ya mtu mmoja. Bwenini vijana huazimana kila kitu, tangu kiwi ya viatu hadi mkanda, na huonekana ni uchoyo kukataa. Uso ulionyolewa una majeraha yasiyoonekana kwa macho, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Wembe usiazimwe kabisa, na brashi iwe vivyo hivyo. Kamanda wa kikosi akiwaagiza vijana wake watie alama mipini ya brashi zao, kama watiavyo alama vikombe vyao vya chai, atakuwa amewafanyia hisani kubwa.

Ikitunzwa hivyo, brashi nzuri ya uzi wa kiwandani hudumu miaka mingi. Hufa polepole: kwanza ncha huanza kujikunja kama kucha, kisha katikati hupata upara, na mwishoni kifundo hucheza ndani ya mpini. Hapo uso uiage, lakini isitupwe. Ikioshwa kwa sabuni na kukauka, hakuna kinachoipita kwa kufutia vumbi la nyuzi ndani ya cherehani, kwenye vile vipembe ambavyo kitambaa hakiingii.